“Ipo?”: maswali ya wenye maduka wa Tanga kuhusu kufungua API

Kabla sijaanza kuandika programu nilikaa kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Ngamiani kwa miaka minne. Neno nililolisikia kuliko yote halikuwa “bei gani”. Lilikuwa “ipo?” Koki ya nusu inchi ipo? Kitasa cha funguo tatu kipo? Mtu katoka Pangani na daladala ya kwanza, kashuka stendi, kapanda bajaji, kafika, kauliza, kaambiwa “imeisha jana”. Anageuka na nauli yake imeshaliwa.

Siku hizi nazunguka na wenzangu wachache tukiwaomba wenye maduka wafungue API, ili sisi na vijana wengine tuwajibu watu hao kabla hawajapanda gari. Maswali tunayoulizwa yanajirudia. Haya hapa, mengine nimeyaacha na ukali wake.

API ni kitu gani, kwa lugha ya dukani?

Ni dirisha dogo la kaunta, ila anayesimama nje si mtu, ni programu. Inauliza kwa utaratibu mliokubaliana, mfumo wa duka unajibu kwa utaratibu huohuo, basi. Tovuti imetengenezwa kwa macho ya binadamu: ina picha, rangi na “karibu mteja wetu mpendwa”. API haina hayo. Programu ikiulizia mfuko wa saruji, jibu linaweza kuwa hivi (bei ni ya mfano):

bidhaa: saruji 42.5
kipimo: mfuko wa kilo 50
bei: 18000
ipo: ndiyo
tawi: Barabara ya 12
imesasishwa: 09:40

Mistari sita. Mfumo wako wa mauzo, kama unao, tayari unayajua yote haya. Kinachokosekana ni tundu la kuyatolea nje.

Tunaposema API “ya wazi” hatuna maana kwamba kila mtu anaingia stoo. Maana yake ni kwamba kijana yeyote anaweza kusoma maelekezo, kujiandikisha, kupewa ufunguo wake, yaani namba ya siri inayoitambulisha programu yake, na kuanza kazi jioni hiyohiyo, bila kuomba miadi na meneja wala kuandika barua yenye mhuri.

Kwa nini nimfungulie mtu nisiyemjua? Nikitaka programu si nitaagiza yangu?

Agiza, hakuna anayekuzuia. Lakini utaagiza kile ulichokifikiria wewe, na wewe unafikiri ukiwa ndani ya kaunta ukitazama nje.

Chukua risiti yako ya leo uisome. Bidhaa zimeandikwa kwa vifupisho vya Kiingereza, herufi kubwa tupu, jinsi aliyefunga mfumo alivyoziingiza: CEM 42.5 50KG, GI ELBW 1/2. Sasa mteja anayetafuta kwenye simu anaandika “simenti”. Anaandika “kona ya nusu”. Mfumo wako unamjibu kwamba hakuna kitu cha namna hiyo, ilhali viko viroba na viroba nyuma ya mlango. Kampuni itakayokutengenezea programu kwa mkataba itanakili majina yaleyale ya mfumo, kwa sababu ndiyo iliyopewa. Kijana wa Makorora ambaye baba yake ni fundi bomba atacheka. Yeye anajua fundi anaiitaje kila kona na kila kiungo, anajua saruji na simenti ni kitu kimoja, na anajua pia kwamba 42.5 na 32.5 si kitu kimoja: namba hiyo ni nguvu ya saruji, na fundi anayemwaga zege la ghorofa hataki uchanganye. Kijana huyo ataandika orodha yake ya majina usiku mmoja. Wewe hungejua hata kwamba inahitajika.

Mwingine atatengeneza kitu cha mama lishe tu: unga, mafuta, mchele, sukari, maduka matatu, nani ana unafuu leo. Mwingine yuko Muheza na anafikiria watu wenye kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Programu yake itajibu kwa SMS neno moja, “ipo” au “haipo”. Mwingine atatengeneza upuuzi. Wengi wao, tuseme ukweli, watashindwa na kuacha baada ya miezi mitatu. Wakishindwa umepoteza nini? Muda ni wao, vocha ni yao. Mmoja akifanikiwa, mteja anakuja kulipia wapi kama si kaunta yako?

Kuna mfano ninaoupenda, ingawa si wa duka. Ile tabia ya kuvuta ukurasa chini kwa kidole ili habari mpya zije haikubuniwa na kampuni kubwa. Ilitoka kwa Loren Brichter, mtu mmoja aliyeandika programu ya simu iitwayo Tweetie akitumia API ya Twitter. Mwaka 2010 Twitter wakainunua programu hiyo wakaifanya yao rasmi kwenye iPhone. Leo simu yako inafanya hivyo karibu kila mahali. Kampuni iliyokuwa na wahandisi wake wa mshahara ilifundishwa na mgeni aliyepita nje ya dirisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tuna WhatsApp na Instagram. Havitoshi?

Vinatosha mpaka binti anayevijibu aende kula. Stetasi inafutika baada ya saa 24, picha ya bidhaa ya mwezi wa tatu bado inazunguka kwenye magrupu, na “bei njoo inboksi” ni kumwambia mteja apige hodi mara mbili. Endelea navyo, ni vizuri kwa kuonyesha vitambaa. Kwa kujibu “ipo?” mara mia kwa siku havifai.

Mshindani wangu akizichukua bei zangu?

Anazo. Kila wiki anatuma kijana anajifanya mteja, anapita rafuni na simu mkononi. Wewe pia unatuma wako, usinidanganye, nimewahi kutumwa. Nilipewa elfu mbili ya soda na karatasi ya vitu kumi na tano.

Bei ya rejareja si siri, maana umeibandika mwenyewe rafuni. Siri ni bei uliyonunulia, jina la aliyekuuzia, punguzo unalompa mkandarasi fulani, na idadi kamili ya mzigo ulio stoo. Hivyo vinne visitoke kamwe, na API nzuri haivitoi. Huhitaji hata kusema una mifuko 212. “Ipo”, “imebaki kidogo” na “haipo” vinamtosha mteja, na mshindani hafaidi kitu hapo.

Lakini nikubali jambo moja, kwa sababu kuna mzee wa Chumbageni alinibana nalo nikakosa jibu la haraka. Kijana anayetembea rafuni anachukua bei kumi na tano kwa wiki. Programu inachukua zote kila saa. Duka linaloishi kwa kuuza ghali kwa watu wasiojua bei za jirani litaumia. Ni kweli. Sina dawa ya hilo duka.

Huyo kijana mwenyewe anapata nini? Asije akaniibia wateja.

Anapata kazi ya kuonyesha, na akibahatika, kamisheni. Amazon, duka la mtandaoni la Marekani, walianza mwaka 1996 kulipa asilimia ndogo kwa mwenye tovuti yeyote anayewaletea mnunuzi. Hapa kwetu huo mtindo hauhitaji kufundishwa. Ni udalali, na Tanga haijawahi kupungukiwa na madalali. Tofauti ni kwamba dalali wa programu anaacha alama. Kila ufunguo una jina lake, kwa hiyo unaweza kujua mteja huyu aliletwa na nani.

Kuhusu kuibiwa wateja: bidhaa iko kwako. Wa kumwogopa ni mtu mwenye bidhaa.

Kuna waliowahi kufanya hivi, au sisi ndio wa kujaribiwa?

Mmechelewa miaka zaidi ya ishirini. eBay, soko la mtandaoni la Marekani, walifungua API mwaka 2000, na wauzaji wenye maelfu ya vitu wakaanza kutumia programu zilizoandikwa na watu wa nje kuweka bidhaa sokoni badala ya kujaza fomu moja moja. Amazon walifungua orodha ya bidhaa zao Julai 2002, bure, kwa yeyote anayejua kuandika programu. Jina walilolitumia siku hiyo, Amazon Web Services, ndilo lilelile lililokuja kubeba biashara yao ya kukodisha seva, yaani kompyuta za mbali zinazowaka muda wote, kuanzia 2006. Best Buy, maduka ya vifaa vya umeme ya Marekani, nao walifungua: bidhaa, bei, matawi.

Mfano wa upande wa pili ni wa 2005. Paul Rademacher alikuwa anatafuta nyumba ya kupanga huko California akachoka kusoma matangazo bila kujua nyumba ziko wapi. Akayachukua matangazo ya Craigslist, tovuti ya matangazo madogomadogo, akayapanga juu ya ramani za Google. Google walikuwa hawajatoa API. Alichungulia mwenyewe jinsi ramani zinavyofanya kazi. Wangeweza kumfungia. Badala yake walitoa API ya ramani mwaka huohuo na yeye wakamwajiri. Ukiona pini ya duka kwenye ramani ndani ya programu ya mtu mwingine, ukoo wake unaanzia pale.

Na jirani zetu: mwaka 2017 Safaricom walifungua API ya M-Pesa wakaiita Daraja. Mwandishi wa programu wa Mombasa akaweza kuunganisha malipo ya duka la mteja wake akiwa nyumbani kwake. Upande wetu pia M-Pesa wana API ya wazi. Yaani njia ya kulipa imeshafunguliwa kabla ya njia ya kujua kama kitu kipo, jambo ambalo mimi huliona kichekesho.

Nitoe nini, nifiche nini?

Toa: jina la bidhaa, kipimo, bei ya rejareja, ipo au haipo, tawi, saa za kufungua, na saa taarifa iliposasishwa. Kama bidhaa ina msimbopau, ile mistari myeusi, toa namba yake. Kwa kawaida ni tarakimu 13 na hazina lugha; programu mbili zikikutana kwenye namba hiyo hazibishani kama ni kitu kimoja. Zinazoanza na 620 zimesajiliwa Tanzania, 616 Kenya. Kwa mji ulio jirani na Horohoro, mpakani na Kenya, ambako sabuni za pande zote mbili zinakaa rafu moja, hiyo inasaidia sana. Karanga za kupima na misumari ya kilo hazina namba; hizo kila moja ipe namba uliyoitunga mwenyewe na usiibadilishe.

Usitoe chochote kinachomhusu mteja: jina, namba ya simu, alichonunua, anachodaiwa. Siyo adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na ina tume yake. Daftari la madeni likiwa kwenye kompyuta moja na orodha ya bei, hakikisha dirisha halifiki huko. Njia rahisi kuliko zote ni kutengeneza nakala ya orodha ya bei peke yake, mahali pengine, na API isome nakala hiyo. Hata mtu akivunja dirisha, anakuta bei za koki.

Bei zinapanda na kushuka. Mteja akija na bei ya jana akataka ugomvi?

Hapa niseme yangu. Zamani, kabla sijaanza kupita dukani kuomba ruhusa, niliandika kiprogramu kilichokuwa kinakwangua, yaani kinanakili chenyewe, tovuti ya duka moja la jumla usiku na kuonyesha bei. Sikuomba mtu. Tovuti ilikuwa na jedwali: safu ya kwanza jina, ya pili bei ya chupa, ya tatu bei ya katoni. Siku moja wakaongeza safu ya picha kati ya jina na bei. Bei zote zikasogea hatua moja, na kiprogramu changu kikaanza kutangaza bei ya chupa ya mafuta kuwa ndiyo bei ya katoni.

Mama mmoja anayepika chapati karibu na soko la Mgandini alikuwa akikitumia kila asubuhi. Akachukua bodaboda na pesa ya katoni tatu. Aliporudi alinitafuta, akanisimamia mlangoni, hata salamu hakunipa. “Mwanangu, umeniaibisha mbele za watu. Wameniuliza bei hiyo nimeiota?” Nilimrudishia nauli. Duka nalo likanipigia simu, na walikuwa na haki ya kufoka kama walivyofoka.

Kosa lilikuwa langu. Lakini angalia lilivyotokea: nilikuwa nasoma kitu kilichoandikwa kwa macho ya binadamu, na mwenye tovuti hakuwa na wajibu wa kuniambia anahamisha safu. Kwenye API “bei” inaitwa bei na “kipimo” kinaitwa kipimo, hata ukiongeza picha mia. Na ule mstari wa sita, “imesasishwa”, ndio unaozuia ugomvi. Mteja anaona bei hii ni ya saa ngapi. Weka kwenye masharti kwamba kila programu lazima iuonyeshe, na anayeuficha anyang’anywe ufunguo.

Tena fahamu kwamba usipofungua dirisha hujazuia kukwanguliwa. Utakwanguliwa tu, vibaya, na bila kujua ni nani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini, na vijana wengi hawajui mpaka wa “kusoma tovuti” na “kuingia kwenye mfumo” uko wapi. Ukiandika masharti ya API, umewachorea huo mpaka.

Mfumo wangu hautazidiwa?

Tupige hesabu. Duka lina bidhaa 3,000. Kila bidhaa tuipe herufi 200, ambazo ni nyingi. Jumla ni herufi 600,000, kama kilobaiti 600: picha moja ya simu ni nzito kuliko hiyo. Programu ikiichukua orodha nzima kila robo saa ni mara 96 kwa siku, chini ya megabaiti 60. Video fupi ya harusi.

Na si lazima uruhusu hata hiyo. Kila ufunguo unaupa kikomo, tuseme maombi elfu moja kwa siku. Aliyezidisha anajibiwa kwa namba 429, ambayo kwenye itifaki ya wavuti maana yake ni “umeomba kupita kiasi, subiri”. Hakuna matusi, hakuna simu. Fundi wako akisema API italiua duka, mwambie aiweke ile nakala niliyoitaja kwenye seva ya kukodi, mbali kabisa na mashine ya kaunta.

Mimi natumia daftari na kikokotoo. Niko nje ya mazungumzo haya?

Kwa sasa, ndiyo. Na usiharakishe. Mali bila daftari huisha bila habari, na mali ya API bila daftari sahihi huisha kwa kelele. Anza na faili la Excel: bidhaa mia zinazoulizwa zaidi, si zote.

Wengine hudhani mashine ya EFD itafanya kazi hii. Haifanyi. Ilikuja mwaka 2010 kwa ajili ya risiti na kodi. Inapeleka mauzo TRA, haijui kilichobaki stoo.

Kwa nini nisimpe kijana mmoja tu mkataba, yeye peke yake?

Kwa sababu atapata mchumba Arusha, au ajira Dar. Waja leo waondoka leo, tunausema wenyewe huu msemo wa mji wetu. Programu pekee ikiwa mkononi mwa mtu mmoja, siku akiondoka wateja wako wanabaki na ikoni isiyofunguka. Wakiwa watano, mmoja akiondoka wanne wamebaki, na maelekezo yako yapo kwa wa sita kuyasoma.

Kuna faida nyingine isiyotajwa: ukiandika maelekezo ambayo mtu wa nje anayaelewa, hata mfanyakazi wako mpya atayaelewa. Duka moja hapa lilipopanga majina ya bidhaa ili kuyatoa nje, likagundua koki moja ilikuwa imeingizwa mara nne kwa majina manne, na kila wiki walikuwa wakiagiza “iliyoisha”.

Nitoze pesa?

Mwaka wa kwanza, hapana. Hakuna atakayelipia kusoma bei za koki. Baadaye, programu ikikua na kuleta maombi laki kwa siku, zungumzeni. Mwenye kutoza mlangoni siku ya kufungua duka hakai muda mrefu.

Nikichoka nikafunga?

Una haki, duka ni lako. Ila funga kwa adabu. Januari 2023 Twitter waliwakatia programu za nje bila taarifa ya maana. Watu walioziandika kwa zaidi ya miaka kumi waliamka wakakuta hazifanyi kazi, wakabaki kubahatisha sababu. Sasa kawaambie hao wakujengee kitu tena.

Andika tangu mwanzo: tukibadilisha umbo la majibu au kufunga, tutatoa notisi ya siku 90. Na ukibadilisha, acha dirisha la zamani wazi kwa muda huku la pili likifanya kazi. Ndiyo maana anwani za API huwekwa namba ya toleo, la kwanza, la pili. Kijana anayejua ana siku 90 atakupenda zaidi ya yule aliyepewa fulana.

Iandikwe kwa lugha gani?

Majina ya ndani ya mfumo yawe yoyote, waandishi wa programu hawana shida. Maelekezo yaandikwe Kiswahili, na Kiingereza kama kuna nafasi. Saa ziandikwe kwa mtindo wa kompyuta, kama pale juu: 09:40. Usiandike saa tatu na dakika arobaini asubuhi, hiyo ni kazi ya programu inayomwonyesha mteja. Nimeona programu ya kigeni ikiandika kwa Kiswahili “tunafungua saa 8 asubuhi”, na bibi mmoja wa Mikanjuni akauliza kama duka hilo ni la wachawi.

Vipimo ndivyo vigumu. “Fungu” la nyanya halina uzito, “kisado” cha duka hili si cha duka lile. Ushauri wangu ni kuandika kilo na lita ukiweza, na pale usipoweza, andika neno lenyewe kama lilivyo. Usijaribu kuligeuza kuwa gramu. Utasema uongo wenye desimali.

Haya si mambo ya Dar? Mji wetu mdogo, kila mtu anajua duka la kila mtu.

Anayeishi Ngamiani anajua. Wa Pangani, Muheza na vijiji vya njia ya Horohoro hajui, na ndiye anayekuja na pesa ya mwezi mzima kununua kwa mkupuo. Tena Dar duka moja likikosa kitu jirani anacho hatua kumi mbele. Huku kipuri kikikosekana maduka mawili, mtu anawaza kupanda basi. Mji mdogo ndio unaohitaji zaidi kujua kilichopo.

Nianze na nini wiki hii?

Keti na anayeshika simu ya duka. Kwa siku tatu aandike kila kitu kinachoulizwa “ipo?”. Utapata orodha fupi kuliko unavyodhani. Hiyo iweke kwenye faili moja lenye safu sita za pale juu, lipandishwe mtandaoni kila asubuhi kwenye anwani isiyobadilika. Hilo si API kamili, wataalamu watakunja pua, lakini kijana mwenye njaa ya kazi atalitumia jioni hiyohiyo. Akikuletea wateja wawili, ndipo muite fundi wa mfumo wako mzungumze dirisha la kweli.

Na umeme ukikatika?

Swali zuri kuliko yote, na aliyeuliza ni muuza samaki wa Deep Sea ambaye hata hauzi kitu cha kuwekwa kwenye API. Nakala ikiwa kwenye seva ya kukodi, dirisha litaendelea kujibu hata duka likiwa gizani, ila kwa taarifa za kabla ya giza. Kwa hiyo weka kanuni: taarifa ikikaa muda wa saa sita bila kusasishwa, “ipo: ndiyo” ijigeuze kuwa “ipo: haijulikani”, na chini yake itokee namba ya simu ya kaunta. Kitochi cha kaunta kinakaa na chaji siku nne.